Yupi Nimkabidhi Mgongo wa Mume Wangu?

Mama Ulina wa redio yetu, shikamoo, nakuandikia kwa simu nikiwa jikoni maana mume wangu yuko sebuleni na sitaki asikie, nisaidie kabla kichwa hakijapasuka.

Sisi ni wakulima wa kabichi hapa Berastagi, milimani Sumatra, mume wangu Terkelin ana miaka arobaini na sita, miezi mitatu iliyopita aliinua gunia vibaya mgongo ukalia ko, na tangu siku hiyo maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba, tukapiga picha ya mgongo, kisha nikampeleka kwa babu anayekanda kwa mafuta kijijini kwetu, na babu yule humwambii kitu, unakaa tu mbele yake anakupapasa, anakutajia mwenyewe panapouma na siku uliyoumia, akikosea unanyanyuka unaondoka, ndivyo tulivyolelewa, ila safari hii alipapasa akafunga chupa yake akasema, "Huyu si wangu, mpelekeni kwa wenye visu."

Basi wiki mbili zilizopita tukashuka mjini Medan kwa bingwa wa kupasua uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, Daktari Simarmata, na mimi nikasema moyoni, kama babu asiyesoma anajua bila kuambiwa, huyu mwenye vyeti ukuta mzima atashindwaje, nikamkanya Terkelin asifungue mdomo. Daktari akauliza, "Haya bwana, unajisikiaje?" Terkelin akanitazama. Nikajibu mimi, "Wewe ndiye daktari, tuambie." Akashusha pumzi, akamgonga magoti, akamtembeza kwa visigino, mguu wa kushoto ukaburuzika, akatupeleka kupiga picha mpya, akaja kusema kuna kinyama kati ya pingili kimechomoza kinabana mishipa, apasuliwe wiki hii hii. Wiki hii hii! Mama, hata muuza machungwa akikuharakisha ujue chini ya tenga kuna yaliyooza, nikabeba bahasha yangu yenye picha na barua yake nikatoka.

Wiki iliyopita tukapanda ndege tukavuka bahari mpaka Penang, Malaysia, kama wanavyovuka wagonjwa wote wa huku, kwa Daktari Teoh, na ili asije akasaidiwa na ule mguu nikampa Terkelin vidonge viwili vikali, nikamfunga kitambaa kiunoni ndani ya shati mpaka akasimama wima kama bwana harusi, barua ya Simarmata nikaificha kwenye mkoba, na picha nikatoa ile ya zamani maana mpya ina jina la mwenzake. Teoh akaangalia weee, akasema hakuna haja ya kisu, apumzike, afanye mazoezi, arudi baada ya wiki sita, akatuandikia barua yake.

Sasa mmoja anataka kukata leo leo na mwingine anasema nendeni mkanyooshe miguu, lazima mmoja wao mwongo! Shemeji yangu Nampat anasema Teoh anaogopa kesi ngumu, mkewe anasema Simarmata anajenga nyumba ndiyo maana anatafuta migongo ya watu, na mimi siamini hata mmoja wao, wala hao mashemeji. Leo Jumatatu, Alhamisi tuna tiketi ya Penang kwa bingwa wa tatu. Na tangu jana Terkelin anasema akikaa anahisi kama amekalia blanketi, mapaja kwa ndani yamekufa ganzi, na akienda chooni anasimama mpaka namgongea mlango, mkojo hautoki. Nimemwambia, "Nyamaza, usimwambie mtu, tuone kama huyu wa Alhamisi atagundua mwenyewe." Mama, kati ya hawa watatu nimwamini nani?

Nande Riahna, Berastagi

*

Nande Riahna, zima jiko. Barua kumi zilikuwa mbele ya yako, nimeziruka zote, na hata kabla sijaisoma hewani nimekupigia simu mara nne hupokei. Aliye jirani na mama huyu na ananisikia, aende akamgongee mlango sasa hivi.

Mimi si daktari. Kwa hiyo nimempigia muuguzi wa wodi ya migongo ninayemfahamu, nikamsomea mistari yako ya mwisho. Kabla sijamaliza akaniuliza, "Amelazwa wapi?" Nikamwambia yuko sebuleni. Akasema, "Mama Ulina, ganzi ya kukalia na mkojo kugoma hazisubiri ndege. Hizo ni saa, si siku."

Najua unampenda, mwanangu. Mtu asiyempenda mumewe havuki bahari naye. Lakini hebu niambie, ulitaka daktari au mpiga ramli? Simarmata aliona mguu unaburuzika, akasema kata. Teoh aliletewa mtu amefungwa kama mtoto mchanga, amelewa vidonge, na picha ya mgongo wa miezi mitatu nyuma, akasema pumzikeni. Kila mmoja alijibu alicholetewa. Mwongo ulimtafuta Medan ukamtafuta Penang, kumbe Terkelin alipanda naye ndege moja, kiti cha jirani! Na wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kushuku si dhambi. Mimi nilimshuku aliyempasua mama yangu mzazi, nikamuuliza mpaka akavua miwani: migongo ya namna hii unapasua mingapi kwa mwezi? Kisu utashika wewe au mwanafunzi wako? Tusipopasua itakuwaje, na tukipasua likaharibika, litaharibika vipi? Nikamwekea mezani barua ya daktari mwingine aliyempinga. Akaisoma yote, akanionyesha kwenye picha wanapotofautiana. Angenuna, ningeondoka. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoshuku, kwa mdomo wazi na karatasi zote mezani.

Lakini maswali hayo ni ya mwenye nafasi, na wewe nafasi umeitumia. Kama bado amefungwa kile kitambaa, mfungue. Asikandwe, asipakwe mafuta, asiinue hata ndoo. Huyo Nampat mwenye maneno mengi awashe gari, Terkelin alale kiti cha nyuma, mshuke Medan moja kwa moja mlango wa dharura wa hospitali kubwa. Beba picha zote mbili na barua zote mbili. Ukifika sema kwa sauti: mguu unaburuzika, makalio yana ganzi, mkojo hautoki tangu jana, na vidonge alivyokunywa ni hivi. Kisha wewe nyamaza, aulizwe mwenyewe, ajibu mwenyewe, mgongo ni wake.

Unauliza nani kati ya watatu. Leo hakuna kuchagua, mpe aliye zamu. Ukikaidi ukangoja Alhamisi, huyo wa tatu atagundua, wala hatahitaji kuambiwa na mtu, kwa sababu Terkelin ataingia amebebwa.