Divai Mezani kwa Bwana Shauri

Kalangalala,
Geita.
19 Oktoba 1952

Mpendwa Dada Euphrasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Korogwe, pamoja na shemeji Stanslaus na watoto. Goti la shemeji linaendeleaje? Uliandika kwamba lilivimba tena tangu walipomhamishia kwenye mashine ya kusindika mkonge. Mwambie asiache kulikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, na aombe kazi ya kukaa.

Sisi hatujambo. Mke wangu Zipora aliugua homa mwezi wa nane, sasa amepona ila amekonda. Mama nilimwona kabla ya kuhamia huku. Analalamika macho, lakini shamba lake la mtama hajaliacha. Mvua zimeanza hapa Geita. Shinyanga nasikia bado wanatazama juu.

Sasa nijibu swali lako. Umeandika kwamba Donatus, binamu yetu, alipita hapo kwako akasema nimefukuzwa ukarani kwa Mtemi Nkwabi kwa sababu niliiba divai na kulewa. Ukanikumbusha kwamba siku tulipoanua matanga ya Baba uliniapisha, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwamba sitaonja pombe maishani mwangu. Una haki ya kujibiwa. Sikuiba. Sikulewa. Lakini kunywa, nilikunywa, na ilikuwa hivi.

Mwezi wa tatu mwaka jana ilifika barua kutoka bomani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alimwalika Mtemi kwa chakula cha mchana pamoja na mgeni mkubwa kutoka makao ya jimbo. Mtemi alinisomesha barua ile mara mbili, kisha akauliza, “Watatupa nini cha kunywa?”

Hakuuliza kwa uroho. Mwaka uliotangulia mtemi jirani yetu alialikwa hivyo hivyo. Alikuwa na kiu, akaigugumia divai kama togwa, bilauri baada ya bilauri. Yalipokuja mazungumzo ya serikali kutaka kupunguza ng’ombe wa watu alikuwa anacheka tu, na kila alichoulizwa alijibu ndiyo. Hakuna aliyemlazimisha; alijilewesha mwenyewe. Lakini watu wake walipeleka ng’ombe mnadani msimu mzima, na mpaka leo hawamwamkii vizuri.

“Kukataa kinywaji cha mwenyeji ni tusi,” Mtemi akaniambia. “Kukinywa bila kukijua ni hatari. Nenda ukajifunze, ng’wanawane, mwanangu, halafu uje unifundishe.”

Nilimweleza habari ya kiapo changu. Akasema, “Kiapo ni chako. Ng’ombe ni wa watu wote.” Nilikwenda, Dada. Sitasema nilisukumwa.

Karibu na stesheni ya Shinyanga kuna Mgoa mmoja, mjane, anaitwa Bwana Caetano. Ana mkahawa wa wasafiri, na Jumapili hupiga kinanda kanisani. Huko ndiko tulikojuana. Nilimwomba anifundishe. Aliogopa, maana unajua sheria ilivyo: divai ya Kizungu si ya sisi isipokuwa kwa kibali, na kibali alikuwa nacho Mtemi peke yake. Mwishowe alikubali Jumamosi tatu, ndani ya chumba chake cha kuwekea vyakula, katikati ya magunia ya mchele.

Jumamosi ya kwanza alinimiminia vidole viwili. Nikataka kunywa, akanishika mkono. “Kwanza nusa,” akasema. “Wewe una haraka ya nini?” Nilinusa, nikasikia harufu ya viatu vipya. Nilipoonja, ulimi ulinikauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nilimwambia wazi kwamba sioni kwa nini mtu mwenye akili anunue kitu hiki. Akasema hata yeye alipokuwa kijana aliona hivyo.

Jumamosi ya pili alichoma nyama ya mbuzi yenye mafuta. Akaniagiza nitafune, nimeze, ndipo ninywe kidogo na kuiacha kinywani. Ule ukavu ulikuwa umepungua. Mafuta ya nyama yaliondoka, nikataka tonge jingine. Nilishangaa, nikarudia mara tatu nione kama ni bahati tu. Haikuwa bahati.

Jumamosi ya tatu alifungua chupa nyingine, akanipa bila kusema neno. Niliinusa muda mrefu. Nikamwambia, “Hii inanukia kibuyu cha maziwa.” Unakumbuka Mama alivyokuwa akivifukiza vibuyu kwa moshi kabla ya kukamulia? Ilikuwa harufu ile ile, na nyuma yake kitu kama zambarau zilizoiva mno. Bwana Caetano aliitwaa bilauri yangu, akanusa mwenyewe, akatikisa kichwa. “Ni moshi wa pipa, hulichoma ndani kabla ya kutia divai,” akasema. “Miaka ishirini nauza divai, na hakuna mteja aliyewahi kunitajia moshi huo.”

Siku hiyo niliifurahia, Dada. Naliandika neno hilo bila kulipamba. Nikiwa njiani kurudi niliogopa, nikamfikiria Baba. Baba alikunywa ili asiwepo. Ulikuwa unamwita, naye hasikii. Mimi mle chumbani ilinibidi niwepo kuliko siku zote, maana ukifikiri jambo jingine ladha inakupita. Sijui kama tofauti hiyo inatosha. Nakueleza nilichokiona.

Kumfundisha Mtemi kulikuwa kazi nyingine. Divai hatukuwa nayo, na Mtemi hakutaka aonekane akiinunua, kwa hiyo tulitumia chai ya rangi iliyopoa, nzito, isiyo na sukari, kwa sababu nayo hukausha ulimi. Nilimwonyesha jinsi ya kushika, kunusa, kuonja na kuweka chini. Mke wake mkubwa alikuwa akichambua choroko pale barazani. “Valerian,” akaniuliza, “unatafuta nini humo ndani ya kikombe? Umepoteza pete?” Mtemi alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Lakini alijifunza. Kila mara alipoonja alihesabu moyoni mpaka hamsini kabla ya kuonja tena.

Siku ya mwaliko niliketi kando yake kama mkalimani, na maji mbele yangu. Mtumishi alimimina divai nyekundu. Mtemi akanusa, akaonja, akaweka chini. Mke wa Bwana Shauri akauliza kama ameipenda. Mtemi akajibu kwa Kisukuma, bila kunitazama, kwamba inanukia kibuyu cha maziwa. Ilinibidi niyatafsiri maneno yangu mwenyewe, na kueleza kibuyu hufukizwaje. Yule mgeni mkubwa aliinusa upya, akasema ni kweli kabisa, na tangu hapo alimsemesha Mtemi kama mtu anayesema na mwenzake.

Sahani zilipoondolewa ikaja karatasi ya kupunguza ng’ombe, Mtemi aitie sahihi. Bilauri ya Mtemi ilikuwa bado nusu. Akaomba karatasi isomwe yote kwa Kisukuma, neno kwa neno, nami nikaisoma. Kisha akasema, “Mezani nimekula kama rafiki. Hili ni la baraza. Nipeni muda niwaite wanangwa wangu.” Wanangwa, kama unavyojua, ndio wakuu wa vijiji, na bila wao hakuna neno linalotekelezwa. Walimpa mpaka baada ya mavuno.

Wakati wa kuagana mgeni alimpa chupa nzima kama zawadi. Tulipofika ikulu Mtemi alinitia chupa ile mkononi. “Chukua. Kwangu ni maji machungu, na sitaki kuyaonja tena.” Kibali sikuwa nacho, na nilijua. Nilichukua.

Kila Jumapili, mchana, baada ya misa, mimi na Zipora tulikunywa vidole viwili kila mmoja, pamoja na nyama kama ipo. Zipora alisema inanukia ukoko wa asali uliochomwa. Tulibishana sana juu ya hilo, na yalikuwa mabishano mazuri. Chupa haikufika hata nusu.

Jumapili ya nne tarishi wa baraza alikuja kuniita, akaiona mezani. Kesho yake nilisimamishwa mbele ya baraza, mahali pale pale ambapo kwa miaka sita nilikuwa nikiketi kuandika kesi za wengine. Wanangwa wote walikuwepo, maana walikuwa wameitwa kwa shauri la ng’ombe. Mtemi alikuwa kitini. Akaniuliza, “Chupa hii umeipata wapi?”

Sauti yake haikutetemeka, lakini alikuwa ameinamisha macho. Nilielewa. Nikisema amenipa yeye, habari itafika bomani kwamba Mtemi anagawa divai kwa wasio na kibali, na siku ile ya kutetea ng’ombe angesimama na doa. Angeweza kusema mwenyewe, hakusema. Nami sikumlaumu, na sijui kwa nini sikumlaumu.

Nikajibu, “Niliichukua ikulu.”

“Bila ruhusa?”

“Bila ruhusa.”

Waliguna. Mtemi alinihukumu kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Chupa ilimwagwa nje mbele ya watu. Siku nne baadaye wanangwa walimaliza shauri lao, na karatasi ilirudi bomani ikiwa na masharti yao. Mpaka leo shauri hilo linajadiliwa. Hakuna ng’ombe wa kwetu aliyekwenda mnadani kwa amri.

Tulikaa kijijini miezi kadhaa tukinyoshewa vidole, kisha tukahamia huku. Sasa mimi ni karani wa stoo ya vifaa mgodini. Majembe na taa hazina maneno mengi. Mwezi uliopita mchungaji mmoja wa Mtemi, Mabula, alifika kwa miguu akiswaga mtamba mwekundu. Hakuleta ujumbe wala barua. Zipora alitaka tumrudishe mtamba huyo, mimi nikasema abaki. Mtamba ana mimba.

Dada, barua hii usimsomee Donatus wala mtu mwingine, maana shauri la ng’ombe halijaisha. Acha waendelee kusema mimi mwizi. Mama nilimweleza kwa mdomo. Aliniuliza tu kama bado ninakula vizuri.

Kuhusu kiapo, nilikivunja, na nakuomba radhi, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea baada ya Baba. Ukitaka niape upya, andika, nitaapa na nitashika. Lakini usinitake niseme ile divai ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Nimeshasema uongo mmoja mbele ya baraza zima, na wa pili sina.

Nisalimie shemeji Stanslaus, na Paskalina na mdogo wake Theonest. Waambie mjomba anawakumbuka. Zipora anakuamkia. Mungu aifunike nyumba yako kwa amani, na goti la shemeji alipe nguvu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Valerian