Kicheko Kilichoniponza Kituoni

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 9 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Brigita,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo wewe, na shemeji Martini hajambo? Mtoto ameanza kutabasamu? Na Mama, tangu aje huko Mtwara kukulea uzazi, kifua kimempa nafasi? Mpe shikamoo yangu. Sisi huku miili ni mizima, moyo ndio una homa.

Kwanza la furaha. Domitila wangu kawa wa pili darasani, na aliyemshinda ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo wewe hesabu ni wa kwanza. Akili hizo kazitoa wapi kama si kwangu?

Sasa lenye uchungu. Unajua kazi yangu ya ukalimani pale kituo cha kupokelea wakimbizi. Darasa la saba langu hili hili, lakini karani mwenye kidato cha nne haandiki jina mpaka mimi nifungue mdomo. Karani mwenyewe ni Sia, binti wa Moshi, mchapakazi kweli, ila hapendi kuchekwa.

Jumatatu iliyopita ziliingia boti mbili zimejaa watu kutoka Burundi. Sia akataka tuone kuwa Kirundi kimemwingia. Akapanda juu ya benchi, akaita: "Abageni bose, nimuze hano!" Alitaka kusema wageni wote waje. Wewe umekulia Kagunga mpakani, unajua mgeni kwao ni umushitsi. Umugeni ni bibi harusi! Kawaita mabibi harusi watu wenye matope mpaka magotini.

Nilicheka nikashika ubavu. Laiti ningeishia hapo. Nikamwambia mbele ya watu, "Haya, bibi harusi wa Moshi, shuka basi tukupambe!" Wapishi wakaona jina tamu, na mpaka jioni kituo kizima kinamwita Bibi Harusi. Na posa ya Sia ilivunjika mwaka jana. Nilikuwa najua, Brigita. Nilijua, na bado nikasema.

Alhamisi nikampelekea samaki, migebuka mikavu, nikamwomba radhi. Hakuinua hata macho. "Mpelekee bwana harusi, mama," akasema. Nikarudi nayo nyumbani.

Kumbe kaandika barua ya kunishtaki. Ijumaa msimamizi wetu, Bwana Bonifasi, akaniita: "Mama Domitila, mkalimani kazi yake kusema, si kucheka. Jumatatu nitakupa uamuzi." Halafu akaniletea Ishimwe, mwalimu aliyekimbia kwao, eti nimwelekeze kazi siku mbili tatu. Anajua na Kifaransa. Ana adabu, ananiita mama, nami namwonyesha namna ya kukaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Hapa usimsomee Mama. Alikwisha kuitangazia Kagunga nzima kuwa bila binti yake Wazungu wa kituoni ni mabubu. Nami sikumkataza, nilikuwa namwongezea.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Katika boti zile alikuwemo mjane mmoja, kamzika mumewe njiani wiki hiyo hiyo. Aliposikia wanaitwa mabibi harusi, kisha watu wanacheka, alidhani anadhihakiwa; kanieleza mwenyewe. Akajificha nyuma ya ghala, hakuandikwa. Mpaka leo hana kadi, hapewi chakula, anakula kwa huruma za wenzake. Makarani wanasema hakuja na boti zile, anadanganya. Kama ningelisahihisha lile neno badala ya kucheka, angekuwa kwenye orodha.

Barua ya Sia haina habari zake, na Bwana Bonifasi hajui. Nikinyamaza, labda nitapewa onyo tu. Nikisema, sioni nitakavyopona. Leo kanisani nilijaribu kumwomba Mungu amtafutie mjane yule mtu mwingine wa kumsemea. Nikaona aibu katikati ya sala. Kesho asubuhi nitamshika mkono, tuingie wote ofisini, nieleze. Huyo ndiye huenda akawa mtu wangu wa mwisho kumkalimania, basi nimkalimanie sawasawa.

Nisalimie shemeji Martini, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Kaka yetu Kasiani naye anawasalimu, na Domitila anamwamkia bibi yake. Mungu awafunike kwa mkono wake, na kesho asinipungukie mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa sina la kujivunia,

Verediana