Ufagio Unangoja Habari

Mujukuu wangu Kahindo,

Batu bote ba hapa Butembo banakusalimia. Baba yako anapona, na mbuzi yako imezala.

Mbele ya kupanda ndege ya Bruxelles uliniuliza: « Koko, safari ni ya usiku moja tu, juu ya nini unalia? »

Wakati niliolewa Beni, camion yetu ilikwama mu matope siku mingi. Kwetu, mutu akiwa mu njia, hatufagie nyumba mpaka habari ifike, juu tusifute nyayo zake. Dereva aliporudi Butembo, akakuta mama yangu mu vumbi na maganda ya maharagi. Akamuambia: « Binti yako alifika. » Mama akakamata ufagio, akafagia akilia.

Donc mambo ya kilometre mimi hapana jua. Mais ndege yako ilishafika tangu juzi, na takataka ya nyumba yangu ilishafika ku mulango. Piga simu, mwanangu, nifagie.

Koko wako