Mguu wa Kwanza Nyumbani kwa Velika

Gorno Drenovo,
Nyumba ya juu ya kisima,
29 Desemba 2022.

Mpendwa mdogo wangu Rusa,

Salamu nyingi zikufikie huko Toronto, wewe na binti yako Tsveta na wote wa nyumba yenu. Goti lako linaendeleaje? Na ile presha imeshuka, au bado Tsveta anakupikia chakula kisicho na chumvi kama mgonjwa wa hospitali? Mimi huku ni mzima kabisa. Nina miaka sabini na sita na kuni napasua mwenyewe. Daktari wa mjini aliponisikiliza kifua aliwaita wenzake wawili waje nao wasikilize, kwa raha tu.

Theluji imetufungia tangu tarehe kumi. Kwa siku nyingi gari la mkate halikupanda wala la posta halikushuka, na barua hii sijui itakufikia lini. Vumilia mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne, lakini akili haikuniacha mimi.

Naandika upesi kwa sababu najua Mincho atakuwa ameshampigia simu Tsveta na kumweleza mambo kwa mdomo wake ule. Usimwamini. Habari yenyewe ni hii, imetoka kwa mwenye nayo.

Kama nilivyokuandikia, kesi zote za kijiji hiki nimezitatua mimi. Kamba ya kengele ya kanisa iliyopotea kabla ya Pasaka, nani aligundua kwamba imeliwa na mbuzi wa padri? Mimi. Kondoo dume wa meya mwezi wa Novemba, polisi wawili walikuja na gari wakaondoka mikono mitupu. Mimi nilimpata kwa siku moja, tena kwa miguu. Basi mwezi huu ikaja kesi ya tatu, na hii Rusa ilinigusa.

Unamkumbuka Velika, mjane wa yule fundi wa mapipa, mliyekuwa mkiimba naye kwenye mavuno ya zabibu. Ana kuku sita. Mwisho wa Novemba akaanza kulalamika dukani kwamba hapati hata yai moja, kila asubuhi viota vitupu. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Ndipo akasema mbele ya watu wote: "Leo mayai, kesho kuku, kesho kutwa nitakuta mtu kitandani kwangu. Mwanamke peke yake hawezi. Stamen aje anichukue." Stamen ni mwanawe, anakaa Burgas, ghorofa ya nane. Alipopigiwa simu akakubali papo hapo kuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nne na gari, amchukue mama yake, nyumba iuzwe.

Sasa wewe unajua dirisha langu la jikoni linatazama wapi. Tangu mke wangu Ivana afariki, miaka sita hii, nikiamka natazama bomba la moshi la Velika. Likitoa moshi najua kumekucha, naweka kahawa jikoni. Nikajiuliza, Jumapili nikiamka nitatazama nini? Sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba kijiji chenye Dobri Kanchev hakiwezi kushindwa na mwizi wa mayai.

Mtuhumiwa wangu nilikuwa naye tayari. Sote tulikuwa tumefunga, tukiwa kwenye mfungo wa Krismasi, mayai hatugusi. Sasa mwizi gani anaiba mayai wakati wa mfungo? Asiyefunga! Na kijiji kizima asiyefunga ni mmoja, Mincho, anayekaanga mayai dirisha wazi ili tumsikie. Tena ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Niliona nimemaliza, kilichobaki ni kumkamata mkono ukiwa kiotani.

Jumanne kulipopambazuka nikaenda bandani kwa Velika kumvizia. Mlango wa banda unalia sana, nikaona nipitie kile kitundu cha nyuma wanachotokea kuku. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa shida kidogo, kwa sababu ni mabega ya mtu mwenye nguvu. Tumbo likagoma. Mbele sikwenda, nyuma sikurudi. Nikawa nimekwama pale, kuku wanadonoa kofia yangu na makalio yangu yako nje kwenye theluji. Niliomba tu Mincho achelewe kuja kuiba.

Aliyekuja ni Velika na ndoo yake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Sura siioni, naona upande mwingine."

"Dobri. Nalinda kuku wako."

"Unalinda au unaziba?"

Akanishika miguu akavuta kama anang'oa kisiki. Nikatoka, ila suruali ikabaki na msumari, imechanika kutoka kiunoni hadi gotini. Natetemeka meno yanagongana, akanisukuma jikoni nipate moto. Mguu wangu wa kulia ulipovuka kizingiti, akapiga kelele na kujishika kichwa: "Ole wangu! Leo ni Ignati!"

Rusa, nilikuwa nimesahau tarehe. Mimi! Mtaalamu wa tarehe! Ilikuwa ishirini, Sikukuu ya Mtakatifu Ignati, na anayevuka kizingiti kwanza siku hiyo ndiye anayeleta mwaka mzima wa nyumba ile. Velika hakuwa amenikusudia mimi. Alikuwa amepanga na Mincho, maana huyo miaka mitatu sasa anajisifu kwamba ana mguu mwema kuliko wote wilayani.

Na hapo hapo Mincho akatokea mlangoni na tawi lake mkononi, nywele amepaka mafuta. Akanitazama nilivyosimama na suruali imepasuka.

"Dobri, umeanza kutaga?"

"Nimekuja kumkamata mwizi, na naona amekuja mwenyewe."

"Mwizi? Mimi? Nina kuku kumi na wawili, mjinga wewe! Toka nje, niingie mimi kwanza, tuanze upya."

Nilikuwa tayari kutoka, wallahi nilikuwa tayari. Velika akasimama katikati ya mlango. "Hakuna kuanza upya. Mguu ni mguu. Ukishaingia umeingia."

"Basi mwaka huu umepata kwato badala ya mguu," Mincho akasema, akatupa tawi akaenda zake. Hata nusu saa haikupita, kijiji chote kilikuwa kimejua.

Ikabidi nifanye ipasavyo. Nikaokota lile tawi, nikachokoa moto jikoni, cheche zikaruka, nikasema maneno: cheche nyingi, vifaranga vingi, wana-kondoo wengi, afya nyingi humu ndani. Sauti yangu ilitoka vizuri sana. Kisha Velika akaweka mto juu ya kasha kubwa la mbao karibu na dirisha akasema nikae. Unajua sheria yake. Mwenye mguu wa kwanza hukaa atulie, ili kuku nao watulie kwenye mayai. Akiinuka-inuka, masika kuku wataacha kuatamia, na watu watasema mguu wa Dobri ni wa balaa. Hakuna nyumba itakayonifungulia tena siku hiyo mpaka nife.

Nikamwambia, sawa, nakaa kidogo, nishonee suruali niende. Akaichukua, akanipa blanketi. Baada ya saa nzima nikaidai.

"Leo kitu hakitoki nyumba hii mpaka jua lizame," akasema. "Si chumvi, si kaa la moto."

"Lakini suruali ni yangu!"

"Iliingia. Ikishaingia ni ya nyumba."

Basi nikafungwa. Mimi niliyewafunga wengine! Nje theluji, ndani blanketi, chini yangu kasha, na kila mwanamke wa kijiji akapata sababu ya kupita pale dirishani. Mmoja aligonga kioo akauliza nitaanguliwa lini. Nikawapungia mkono kama meya. Lakini moyoni, mdogo wangu, nilikuwa kama panya kwenye mtego. Jumamosi inakuja, mwizi sijamkamata, na hata kutoka uani kufikiri siwezi.

Adhuhuri alinilisha. Pilipili kavu zilizojazwa maharage, kabichi ya chumvi, mkate, na rakia, ile pombe kali ya plamu, kikombe kidogo. Sikumbuki lini nilikula chakula nilichopakuliwa na mtu. Nilisema tu chumvi imepungua.

Mtu asiyeruhusiwa kuinuka hana kazi ila kutazama. Nikatazama. Nikaona pumba kidogo sakafuni, mguuni pa kasha. Nikaona pumba kwenye ncha za viatu vyake vya ndani. Nikakumbuka asubuhi ile kwenye ndoo ya kuku mlikuwa na mahindi.

"Velika, humu nilimokalia mna nini?"

"Pumba."

"Pumba za nani, na kuku wanakula mahindi?"

Akageukia sufuria. Sikio lake likawa jekundu. Hapo mtu wa kawaida angeinuka afungue, lakini mimi sikuinuka, nisije nikaharibu kuku. Nilisogea mpaka pembeni, tako moja likabaki kwenye kifuniko, nikakiinua upande mmoja, nikapenyeza mkono. Pumba, pumba, kisha kitu cha mviringo. Nikatoa yai. Nikatoa la pili. Mistari kwa mistari Rusa, mayai thelathini na nane, kila moja limeandikwa tarehe kwa penseli! Na la kwanza kabisa limeandikwa Novemba ishirini na nne. Siku moja baada ya mimi kumpata kondoo wa meya.

Nilikuwa nimeatamia ushahidi tangu asubuhi.

"Mwizi ni wewe," nikasema.

"Na wewe imekuchukua wiki nne," akajibu. Akaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi. "Miaka mitano unapita mlangoni kwangu, unainua kofia, unakwenda. Nikakualika kwa chai ukasema una kazi. Nikakuletea jamu ukarudisha chupa, imeoshwa, umeiacha ukutani. Kondoo wa meya akipotea, mbio! Nikasema basi, nami nipotewe."

"Na Burgas? Nayo ni uongo?"

"Burgas si uongo. Stamen yuko njiani Jumamosi. Nilijiambia, mzee huyu asipofika mpaka Ignati, naondoka. Sasa umefika kwa makalio, na tangu asubuhi husemi ila suruali, suruali. Nimwambie nini mwanangu?"

Mimi ulimi wangu unaujua, haujawahi kulala. Lakini pale uligoma kama tumbo kwenye kile kitundu. Kama ningekuwa na suruali ningetoka, nakuambia kweli, ningeondoka kwa hasira na woga na ningekuwa mpumbavu maisha yangu yote yaliyobaki. Sikuwa nayo. Nikakaa. Yeye akashona, mimi nikashika yai moja mkononi mpaka likapata joto.

Jua likazama nyuma ya kile kilima cha magharibi, unakijua. Velika akainuka, akanipa suruali imeshonwa vizuri kuliko ilivyokuwa mpya, akageuka upande nikavaa. Kisha akafungua mlango wazi kabisa, akasimama kando.

"Siku imekwisha, Dobri. Uko huru. Asante kwa mguu wako."

Nikatazama mlango. Njia ya nyumbani kwangu ilionekana mpaka getini, theluji mpya ya mchana haina alama hata moja. Nikalitazama lile kasha. Nikakaa tena.

"Funga mlango, Velika," nikasema, "joto linatoka."

Akaufunga.

Jumamosi Stamen akafika na gari kubwa la kukodi la kubebea vyombo, amepambana na theluji kwa muda wa saa saba. Akanikuta nafagia mlango wa mama yake. Akauliza, "Mzee Dobri, mama amefungasha?" Velika akamjibu kutoka ndani kwamba amefungasha, na vitu vinahamia kwangu mimi. Ndiyo, gari lile lilisafiri mita mia mbili, kutoka kwake hadi kwangu, kwa sababu paa langu ni zima na lake linavuja. Kuku sita walikaa mbele na dereva. Stamen alinuna mpaka tulipokaa mezani, akala, kisha akacheka, akaniita baba mara moja kwa bahati mbaya na mara ya pili kwa kukusudia.

Siku ya pili yake nilipanda makaburini kwa Ivana. Nilimweleza yote, hata la kitundu. Theluji ilikuwa imefunika jina lake, nikalifuta kwa mkono. Wewe ulimpenda kama dada yako, ndiyo maana nataka usikie kwangu. Kama una neno baya juu ya hili, liandike, nitalisoma, lakini sitalifuata.

Padri atatufungisha ndoa baada ya Sikukuu ya Ubatizo. Mincho atasimama upande wangu, nimemwomba radhi, na kumwomba radhi kulinipa kazi kuliko kesi zote tatu.

Velika anakusalimu sana, anasema anakumbuka nyimbo zote. Msalimie Tsveta na mumewe na wajukuu, na umwambie Tsveta akiona simu ya Mincho apokee, amsikilize, acheke, kisha asome barua hii. Mungu akulinde na barafu za huko, akupe mwaka wenye afya na mguu mwema mlangoni.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, niliyenaswa na nisiyetaka kufunguliwa,

Dobri Kanchev