Nilimwambia Mama Asimfungulie Mtu

Lushoto, Jumapili alasiri. Ukungu umeshuka tangu saa nne asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Nguo nilizoanika jana bado mbichi, na mimi mwenyewe nipo nipo tu, nimevaa sweta mbili na soksi za shule za mwanangu.

Tangu niweke hapa picha za ile hoteli ya Tanga, watu hawaachi kuniuliza. Mwalimu, pakoje? Mwalimu, chai ya asubuhi imo ndani ya bei? Nimewajibu wote neno moja: pazuri. Na kweli ni pazuri. Si hoteli ya mawaziri, wala si gesti ya kitanda na ndoo. Shuka nyeupe, maji ya moto, taulo wamelikunja mpaka limekuwa bata, na mayai unakaangiwa utakavyo. Wafanyakazi wana adabu zao. Sina neno na hoteli.

Neno ninalo na mimi.

Nilikwenda na mama. Hilo sikuliandika. Katika picha zote kumi na moja mama hayupo, ila ukiitazama vizuri ile ya kitanda, pembeni kushoto utaona ncha ya khanga. Nilihangaika kuikata isionekane, ikanishinda.

Mama anakaa Mlola, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia halioni kitu. La kushoto linaona mwanga na vivuli, basi. Watu anawajua kwa sauti. Niliposikia kuna madaktari wa macho wamekuja Tanga kwa wiki moja, nilihangaika mpaka jina lake likaingia kwenye orodha ya upasuaji: Jumatano, saa nane mchana. Tukashuka Jumanne. Nikasema safari hii mama yangu alale mahali pazuri, asilale kwenye benchi wala kubanana kwa ndugu. Nia ilikuwa njema, angalau kwa siku moja.

Jumatano asubuhi dada wa usafi akagonga. Mimi niko bafuni, mama akafungua. Kumbe yule dada ni wa Bumbuli. Mama alimjua kwa lafudhi tu, wakaanza salamu zao za onga maundo, Kishambaa kikamwagika, ukoo ukatafutwa mpaka ukapatikana. Nilipotoka nikamkuta mama ameshika pembe mbili za shuka, dada ameshika mbili, wanatandika. Mlango wazi. Peasi za Mlola zimepangwa juu ya meza ya kioo, nusu ameshamgawia mwenzake.

Wakapita mabwana watatu waliokuja semina, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Mmoja akachungulia, akasema, "Bibi, ukimaliza hapo njoo na kwangu." Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka, akamjibu, "Haya mwanangu, chumba namba ngapi?"

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Dada alipoondoka nikafunga mlango, nikamsema mama. Sikupiga kelele. Miaka kumi na tisa ya ualimu imenipa sauti isiyohitaji kelele. "Mama, hapa si Mlola. Weka komeo, na usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu. Mtu yeyote." Nikaongeza kwamba mjini kuna wezi, ili ionekane ninamjali. Akasema, "Nimesikia." Mwanamke aliyenizaa alinijibu kama mtoto wa darasa la tatu, na mimi nikaridhika.

Mchana nilikuwa na miadi na wenzangu wawili tuliosoma chuo pamoja. Mmoja siku hizi ni ofisa, mwingine ana shule yake mwenyewe. Walitaka waje hotelini tule pale pale. Mimi ndiye niliyesema hapana, tukutane mjini. Saa sita nikavuta yale mapazia mazito yasiyopitisha mwanga, maana jua linamchoma mama macho, nikamwagizia wali na samaki, nikachomoa kadi ukutani, nikatoka.

Kwa asiyejua, hoteli kama hii ufunguo wake ni kadi. Unaichomeka kwenye kijitundu ukutani kando ya mlango, ndipo umeme wa chumba unawaka. Ukiichomoa, inapita nusu dakika hivi, halafu taa, feni na kila kitu kinazima. Walinieleza vizuri mapokezi siku ya kwanza. Nilisahau. Hili la kadi nilisahau kweli, Mungu ni shahidi.

La mlango nililikusudia.

Saa saba na nusu bado tulikuwa mezani, tunachekana ujana. Nikapiga simu mapokezi: jamani, dereva wenu amchukue mama ampeleke hospitali, tutakutana huko huko. Kwamba mama hatamfungulia dereva, hata halikunijia. Nikaitumbukiza simu kwenye pochi, nikamalizia juisi yangu.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Mhudumu alileta wali, mama hakufungua. Dereva aligonga, hakufungua. Walipiga simu ya chumbani, ikaita mpaka ikachoka. Walikuwa na kadi ya akiba, lakini komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani kama nilivyoagiza. Mimi niko kwenye lango la hospitali nanyoosha shingo kwa kila gari linaloingia, na ilikuwa saa nane na nusu ndipo nikakumbuka kutazama simu. Walikuwa wamenipigia mara kumi na nne.

Nilipofika ilikuwa saa tisa. Koridoni nilimkuta dereva na yule dada wa Bumbuli. Dada alikuwa ameegemea mlango anambembeleza mama kwa Kishambaa, na mama anamjibu kutoka ndani, taratibu kabisa, "Mwanangu, nimekatazwa."

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Nikamsikia anakuja kwa kupapasa ukuta. Glasi ikaanguka. Komeo likasogea. Nikaingia nikachomeka kadi, taa zote zikawaka kwa pamoja, na mama akashika uso kwa mikono miwili akakaa pale pale sakafuni. "Naona," akasema. "Mwanangu, naona tena."

Ndipo nikaelewa. Taa zilipozima alidhani macho yake ndiyo yamezima. Kile kimwanga kidogo alichobakiwa nacho alidhani ndio mwisho wake. Kwa saa tatu mama yangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akijua amekuwa kipofu kabisa, watu wanagonga mlango, na hakumwomba hata mmoja msaada kwa sababu mimi nilimkataza.

Akasema Mungu ameyazima na Mungu ameyawasha. Yule dada aliitazama kadi ukutani, akanitazama mimi, akainama kuokota vipande vya glasi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Mungu mkubwa, mama."

Hospitali tulikwenda hivyo hivyo. Nafasi yake alishapewa mgonjwa mwingine, na hilo siwalaumu, nani angeacha meza ya upasuaji imekaa bure? Wakatuambia tusubiri zamu ijayo. Lakini mama alishaamua. Kwenye basi, tumeshaipita Mazinde nyuma kabisa tunaanza kupanda kona za Mombo — hapana, naandika upuuzi, kutoka Tanga hatupiti Mazinde. Siku ile hata njia siikumbuki. Nakumbuka tu alivyosema: "Macho Mungu ameyawasha mwenyewe, halafu mimi niyapeleke kwenye kisu? Hiyo ni kufuru."

Imepita miezi miwili. Mara nne nimepanda Mlola kumshawishi, na mara zote nne nimetumia maneno ya kitaalamu, nimeleta na vipeperushi vya rangi kwa mtu asiyeona. Neno lenyewe sikulitamka.

Halafu jana.

Wanawake wenzake wa darasa la dini walimfanyia dua ya shukrani. Walikuja kama ishirini, wakapika, wakasoma, na mama akasimulia. Anasimulia vizuri, mama yangu. Giza lilivyoingia. Alivyosoma kila alichokijua mpaka kikaisha akaanza upya. Mlango ulivyofunguka na nuru ikaingia. Wengine walikuwa wanafuta machozi kwa ncha za mitandio. Mwishoni akasema, "Na huyu mwanangu alikuwepo, muulizeni." Nyuso zote zikanigeukia.

Nikasema ni kweli.

Hata robo saa haikupita, mama akaanza kuwamiminia wageni chai. Anapenda kumimina mwenyewe. Akakikosa kikombe, chai ya moto ikamwagikia mguuni kwake. Hakulia, aliuma mdomo tu. Wakamfuta, wakamtania kuwa uzee unabisha hodi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na nililiona lile jicho la kushoto: limeshaanza kuwa jeupe kama la kulia. Anayeniambia Mungu ameliwasha ni yeye. Anayejua linazima ni mimi peke yangu.

Madaktari wanarudi mwisho wa mwezi huu. Hospitali wanataka jibu kabla ya Jumamosi ijayo, la sivyo jina linatolewa. Zamu nyingine hawaijui itakuwa lini, na jicho lile halina muda wa kungoja.

Kwa hiyo leo, baada ya kuzunguka nyumba nzima nikifuta vumbi pasipo na vumbi, nimempigia. Simu yake ni ya vitufe, anaipokea kwa kupapasa; siku ile ya Tanga aliiacha nyumbani. Nikamwamkia, akaitika. Kisha nikamwambia yote, kwa mkupuo, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

"Kadi ndiyo nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nikasikia anamfukuza kuku.

"Basi macho yangu hayakuzima."

"Hayakuzima, mama."

"Wala hayakuwaka."

"Wala."

"Na kunikataza nisifungue mlango, hiyo nayo ilikuwa kadi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Swali hilo sikujiandaa nalo. Nikamwambia hapana, huyo nilikuwa mimi. Nikamwambia niliona aibu kuonekana naye. Nikamwambia na ile miadi ya chakula, na wenzangu niliowakatalia wasije hotelini.

Hakulia wala hakunitukana. Akasema, "Wanawake wale waliniamini mimi. Na mimi nikakuuliza wewe mbele yao, ukasema kweli. Ijumaa tuna darasa. Uje uwaambie wewe, kwa mdomo wako, yote. Na hilo la aibu usiliache. Ukimaliza, nitafunga mzigo wangu twende huko kwenye kisu."

Nikasema nitakuja. Kila tukiongea na mama, hakati simu kabla hajaniombea dua, hata kama tumegombana. Leo amekata bila dua.

Nimeanza kwenu nyinyi kwa sababu nyuso zenu sizioni. Ni rahisi, na ninajua ni rahisi. Picha nimezifuta zote, isipokuwa ile yenye ncha ya khanga.

Kesho nitaomba ruhusa ya Ijumaa kwa mkuu wa shule. Leo nimejaribu kuisema ile sentensi hapa jikoni, peke yangu, kwa sauti: niliona aibu kuonekana na mama yangu. Mara ya kwanza imetoka. Mara ya pili nimeishia katikati. Ijumaa itabidi niifikishe mwisho mbele ya wanawake ishirini, na mama amekaa kati yao anasikiliza, maana nisipoifikisha, haendi.