Mkono wa Wembe na Mkono wa Maji

Nyumba ya malezi, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu na miguu haivimbi tena kama mwaka jana. Wasalimie masista wazee wote wa hapo. Mimi ni mzima, ila nina jambo kichwani. Sisemi kwa mafumbo, Shangazi, liko kichwani kweli.

Tangu mwisho wa mwaka ninawashwa. Nyuma ya sikio la kushoto nywele zimekatika, pamebaki duara kama sarafu, lina unga mweupe. Juma lililopita nikagusa utosini, nikakuta la pili. Mchana shela inanisitiri, usiku nalala na kitambaa. Lakini joto likizidi, shela yangu inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mnovisi mwenzangu wa kitanda cha pili, yule tunayemwita Kicheko, ameshaona. Akaniambia, "Dada, Injili inasema Mungu amezihesabu nywele zetu zote. Wewe umempunguzia kazi." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Sasa mlezi wetu ametangaza kwamba kabla ya nadhiri za kwanza, mwezi wa nane, daktari atatukagua kuanzia utosini hadi unyayoni, na mwenye ugonjwa wa kuambukiza huenda akarudishwa kwao. Miaka mitatu, Shangazi! Nikirudi nyumbani na kichwa hiki, Mama atawaambia nini watu waliokuja kuniaga?

Wewe ndiye uliyewafundisha wanovisi wa shirika hili usafi wa mwili kwa miaka ishirini na minane. Nitumie dawa. Ifiche hata ndani ya soksi.

Binti wa kaka yako


Nyumba ya masista wazee, 13 Februari

Binti yangu,

Milele na milele, amina. Miguu iko kama ilivyo, asante kwa kuiulizia. Nimefurahi kwamba umeniandikia mimi na si mtu mwingine.

Ulichonacho kinaitwa mapunye. Hakuna haja ya kulia. Ni kuvu, ndugu wa ile inayoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Haichagui mwema wala mwovu. Inapenda joto, jasho na giza, na shela ina vyote vitatu. Inapita kwenye kitana, kwenye taulo, kwenye shela ya kuazimana, na kuliko vyote inapita kwenye wembe. Mafuta ya kupaka hayatoshi, maana ugonjwa unaingia mpaka kwenye shina la unywele. Unahitaji vidonge kila siku, majuma sita.

Watu wa nje hudhani tunanyoa kwa sababu nywele ni dhambi. Upuuzi. Nywele ni nywele. Tunazipunguza kwa sababu ndoo ya maji ni moja kwa mtu, na kichwa kilichofunikwa kutwa lazima kioshwe upesi na kikauke upesi. Ndiyo maana niliweka utaratibu wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na bado umo katika kijitabu chenu, ukurasa wa tisa. Wanovisi wawili wanawanyoa wenzao. Mmoja ni mkono wa wembe: ananyoa. Mwingine ni mkono wa maji: anachemsha nyembe dakika kumi kwa saa ya ukutani, kisha anampa mwenzake na kumwambia, "Zimechemka." Mkono wa wembe haugusi sufuria. Mkono wa maji haugusi kichwa. Wakifanya hivyo, mapunye hayana njia.

Kwa hiyo kwenu kuna mmoja asiyefanya hivyo. Nani ni mkono wa wembe, na nani mkono wa maji? Nieleze bila kuficha, ili nijue dawa gani na ya watu wangapi. Barua ya mtawa kwa mtawa haifunguliwi na mtu, na mimi ni damu yako.

Shangazi yako


Nyumba ya malezi, 22 Februari

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma barua yako mara tatu, imenituliza. Je, umelala vizuri siku hizi? Huku jua ni kali, tunafua shela zinakauka kabla hujamaliza kuzianika.

Umeuliza, nami nakujibu kama mwanao. Mkono wa maji ni mimi. Nachemsha kama kijitabu kinavyosema, dakika kumi, jicho kwenye saa. Mkono wa wembe ni Kicheko. Shida ni kwamba hana subira. Hangoji zichemke, anaingiza koleo sufuriani na kuzichomoa kabla ya wakati, huku anatuchekesha, na sisi tunacheka, tunasahau. Usimchukie, Shangazi. Ni mtu mzuri sana. Ndivyo alivyo tu.

Nangoja dawa.

Binti wa kaka yako


Nyumba ya malezi, 20 Machi

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Jumatatu baada ya kifungua kinywa mlezi alitukusanya chumba cha kufulia, akatuvua shela mmoja mmoja chini ya dirisha. Tuko wanane. Wanne tuna mapunye. Kicheko hana hata doa. Mlezi akasema, "Mnaona? Mwenye wembe ndiye aliyesalimika." Kisha akatoa karatasi mfukoni, akasoma, akamuuliza, "Kwa nini hungoji zichemke?"

"Sista, zinachemka. Mwenzangu huniambia zimechemka, ndipo nazipokea."

"Kwa hiyo huingizi koleo sufuriani?"

"Hata siku moja, Sista. Muulizeni mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama na shela mkononi, upaa wangu wote nje. Nikaangua kilio. Wakadhani namlilia yeye. Mlezi akasema machozi yangu yanatosha kuwa ushahidi, kwamba rafiki yake mwenyewe anashindwa kumsema. Akasema uzembe ungesameheka, lakini uongo mbele ya wenzake hausameheki.

Kesho yake wakamrudishia gauni alilokuja nalo. Halimtoshi tena, zipu iliishia katikati ya mgongo. Alipopita mlangoni na begi lake aliniambia, "Nyamaza, we kipara, utaharibu na sura iliyobaki."

Sisi wanne tumepewa vidonge, na mlezi anatuhesabia kila asubuhi. Anasema hakuna atakayerudishwa, maana sisi tulidhulumiwa.

Shangazi, mlezi alisema "hangoji zichemke". Ni maneno yangu yaleyale. Barua yangu ilifunguliwa na nani?

Binti wa kaka yako


Nyumba ya masista wazee, 29 Machi

Binti yangu,

Milele na milele. Nashukuru Mungu umeanza vidonge. Vinywe na chakula, tumbo likiwa tupu vinachafua moyo.

Barua yako haikufunguliwa na mtu. Niliifungua mimi niliyeandikiwa, nikanakili sehemu iliyohusu wembe, nikamtumia mlezi wako. Nilikuambia haifunguliwi. Sikukuambia haitafanyiwa kazi.

Tazama jambo hili kwa utulivu. Uliniomba dawa, umepata dawa. Uliogopa kurudishwa, hurudishwi. Wenzako watatu walikuwa wanaoza kimyakimya chini ya shela zao, sasa wanatibiwa. Ningekutumia vidonge ndani ya soksi ungepona peke yako, na Jumamosi ya kwanza inayofuata ungeambukizwa tena. Ugonjwa wa jumuiya hautibiwi kichwa kimoja kimoja.

Huyo binti namwonea huruma. Lakini asiyeweza kungoja maji yachemke atawezaje kungoja maisha yote?

Shangazi yako


Nyumba ya malezi, 7 Aprili

Shangazi,

Naomba unisamehe kwa kutokukusalimu ipasavyo.

Si yeye. Ni mimi.

Jumamosi moja ya kunyoa makaa yalikuwa mabichi, na kengele ya sala ilikuwa inakaribia. Mwezi wa tisa nilikuwa nimekaripiwa mbele ya wote kwa kuchelewa, sikutaka tena. Maji yalikuwa vuguvugu tu. Nikampa nyembe, nikamwambia zimechemka. Akaniamini, kwa nini asiniamini? Hakukutokea kitu, basi na mwezi uliofuata nikafanya vilevile. Na mwingine tena. Koleo hajawahi kuligusa. Uliponiuliza, niliona aibu mbele yako, wewe uliyeandika ukurasa wa tisa. Nikasema yeye. Nilidhani ni maneno ya barua tu, kati ya shangazi na binti. Nilidhani utamlaumu huko huko uliko, kisha utasahau.

Mwandikie mlezi. Wewe atakusikiliza. Mimi kila nikifika mlangoni pake nageuka. Kitanda cha pili kimetandikwa shuka nyeupe, hakuna anayelala. Nakuomba kwa jina la Baba yangu, kaka yako, mwandikie, Kicheko arudi kabla ya mwezi wa nane.

Binti wa kaka yako


Nyumba ya masista wazee, 2 Juni

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kukujibu, na nimechelewa makusudi. Nilitaka kuona kama utamwendea mlezi mwenyewe bila kungoja barua yangu. Majuma manane yamepita. Hukwenda.

Basi nikueleze mambo yalivyo. Ukisema leo, mlezi atakurudisha wewe, maana uongo ndio aliosema hausameheki. Yule mwenzako hatarudi hata hivyo: nafasi yake imeshajazwa, na kwao wameshaambiwa. Shirika litakuwa limepoteza mabinti wawili badala ya mmoja. Mlezi ataonekana hakimu mbovu mbele ya wanovisi wake. Na mimi nitakuwa bibi kizee aliyepeleka umbea. Yote hayo ili wewe ulale vizuri.

Sitamwandikia. Wewe una miguu, na mlango wa mlezi uko hatua thelathini kutoka kitandani pako. Nilizihesabu nilipokuwa mlezi hapo. Ukitaka kwenda, nenda. Usipotaka, funga nadhiri, na usiniandikie tena habari za majuto. Majuto yasiyotembea ni kama maji yasiyochemka: yanalowesha tu.

Nywele zimeanza kuota? Kwanza zinakuja laini kama za mtoto mchanga. Usizikwangue.

Shangazi yako


Jumuiya mpya, 20 Agosti

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefunga nadhiri. Baba na Mama walikuja, Mama alilia kuanzia wimbo wa kwanza. Walisikitika kwamba daktari amekukataza safari. Daktari wetu alinikagua utosini hadi unyayoni, akasema, "Kichwa safi, Sista." Nywele zimejaa zote.

Kicheko alikuja.

Nilimwona wakati wa maandamano, amesimama karibu na mlango wa nyuma, amejifunga kitambaa. Baada ya misa akanikumbatia, akasema, "Hebu inama nikunuse. Ahaa, mbwa amekauka!" Nikashindwa kucheka. Alipata kazi kwenye saluni ya mtaani kwao, lakini habari zilimfuata kwamba masista walimfukuza kwa kuwapa watu mapunye. Wateja wakakataa kuguswa naye. Sasa anafagia nywele sakafuni, na mwenye saluni amemwambia avae glavu ili watu wamwone amevaa. Mchumba aliyejitokeza, mama yake alikuja kumchungulia chini ya kitambaa.

Akanishika mikono. "Siku ile wewe peke yako ndiye uliyenililia. Nimewaambia nyumbani wote. Sasa niambie, dada, ile karatasi ya mlezi ilitoka kwa nani?"

Shangazi, alikuwa ananitazama machoni. Watu walikuwa wamejaa, Mama yuko pembeni ameshika shada langu.

Nikamwambia ilitoka kwako. Ni kweli, ilitoka kwako. Nikamwelekeza na nyumba ilipo. Amesema akipata siku ya mapumziko atakuja kukuuliza alikukosea nini. Nimeona nikujulishe, asije akakushtua.

Binti wa kaka yako


Nyumba ya masista wazee, 11 Septemba

Binti yangu,

Nakupongeza kwa nadhiri. Natumaini jumuiya mpya ina maji ya kutosha.

Alikuja juzi. Alibisha hodi kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Sista." Nikaitikia, nikampa kiti. Akavua zile glavu, akaziweka mapajani, mikono imekuwa myeupe kwa jasho. Nikamweleza kwamba glavu za namna ile hazifai kuvaliwa kutwa, ngozi haipumui. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Sista, ni wewe uliyeandika kwamba singoji nyembe zichemke?"

Nikamwambia, ni mimi.

"Sijaja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alikuambia hazikuchemka? Maana mimi niliyezishika sikujua. Niliambiwa zimechemka."

Nikamtazama usoni. Nimefundisha miaka ishirini na minane, nautambua uso wa mwanafunzi anapolipata jibu mwenyewe. Kwanza macho yanasimama, halafu midomo inafanya hesabu bila sauti. Hesabu yake ilikuwa fupi. Nyembe zilikuwa na mikono miwili tu.

Nilimwambia kwamba kama anataka kumwandikia mlezi, karatasi na kalamu ninazo, na safari hii nitatia sahihi yangu chini ya yake. Nilikuwa tayari kweli. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Sista. Nikilisema hili, nitabaki na nini? Watu wananiuliza, miaka yote mitatu pale, hakukuwa hata na mmoja wa kukulilia? Huwa nawajibu, alikuwepo mmoja. Nikiliondoa hilo sina kitu. Acha nibaki nalo."

Akavaa glavu zake, akaaga. Nilimsindikiza kwa macho mpaka langoni, miguu haikuniruhusu zaidi.

Kwa hiyo hakuna atakayekuja kukuuliza kitu. Alipokuwa anatoka alisema mama yake anakuombea kila jioni, kwa jina. Hatamwambia aache.

Shangazi yako