Gitaa la Mashoto la Kaka Wanjala

Jumatatu, saa kumi jioni. Mvua ya Kitale imekataa kukatika tangu saa sita. Soko limelala, kwa hivyo nimefunga meza yangu ya sweta mapema nikarudi nyumbani. Moyo haujatulia.

Wiki iliyopita tulimzika Kaka Wanjala kule Naitiri. Yeye ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba, katikati yetu watu saba. Nikiwa mtoto wa kubebwa, yeye tayari alikuwa anapiga gitaa la umeme kwa bendi hapa Kitale, ile rock ya zamani, na suruali ya bugaluu na nywele kama kiota. Mama akimwona anakuja hivyo alikuwa anafunga mlango. Halafu anaufungua, sababu ni mtoto wake.

Kaka alikuwa mashoto. Gitaa la mashoto halikuwa linauzwa huku, kwa hivyo alinunua la kawaida, akaligeuza juu chini, akazitoa nyuzi zote na kuzipanga upya. Marafiki wakiomba wapige kidogo anawapa haraka haraka, halafu anacheka vile wanahangaika.

Mtu mmoja tu aliliweza. Msichana wangu Nafula.

Nafula pia ni mashoto. Kila likizo alienda Naitiri kwa huyo mjomba wake, na mimi nikidhani anasaidia kuvuna mahindi. Kumbe ni gitaa.

Jumamosi tulikaa kugawa vitu vya marehemu, vile desturi inataka. Koti likapata mtu, jembe likapata mtu, baiskeli pia. Likabaki gitaa. Simiyu, mtoto mkubwa wa kaka, akalichukua akajaribu. Lilitoa sauti ya ajabu.

"Wee Simiyu, unapiga gitaa ama unakamua ng'ombe?" mtu akamtania.

Hata yeye alicheka. "Ni nyuzi tu zimekaa vibaya, bana. Nitapeleka kwa fundi azigeuze, tupigie kanisani."

Hakuwa na ubaya. Lakini mimi sikutaka. Zile nyuzi kaka alizipanga kwa mikono yake. Zikigeuzwa, ni nini yake itabaki? Nafula alikuwa amekaa nyuma na wanawake, anaangalia chini, mikono ameficha ndani ya lesso. Yeye hawezi kuongea pale. Mimi nisipoongea, basi.

Na mimi mbele ya wazee sijawahi kusimama kuongea.

Nikasimama. Nikasema hilo gitaa liko na mwenyewe. Nafula ni mwiwa, mtoto wa dada ya marehemu, na mwiwa hatoki kwa mjomba wake mikono mitupu.

"Msichana na gitaa?" baba mdogo akauliza. Yeye ndiye alikuwa anagawa.

"Mwiwa ni mwiwa, Baba."

Hapo wifi yangu, Mama Simiyu, akaingilia. "Mama Nafula, si ni wewe ulikuwa unamfunga huyo mtoto mkono wa kushoto na lesso, ndio akule na wa kulia? Leo ndio umeona mkono ni mzuri?"

Watu walicheka sana.

Ni kweli.

Nafula alikuwa na miaka mitatu. Mama mkwe aliniambia msichana anayepakua chakula kwa kushoto akiolewa atarudishwa kwao, nami nikaogopa. Nilikuwa namfunga asubuhi namfungua akilala, karibu miezi miwili. Akilia namwambia ni kwa faida yake. Hakukumbuka, alikuwa mdogo sana. Jumamosi nilimwona ameutoa ule mkono ndani ya lesso, anauangalia.

Nikasema, "Ndiyo, nilimfunga. Nilikosa. Mpeni apige muone."

Akapiga. Bila umeme lile gitaa halina sauti, ni kama kuku anaparua bati, kwa hivyo ilibidi watu wote wanyamaze ndio wasikie. Wakanyamaza. Mama Simiyu ndiye wa kwanza kulia. Simiyu mwenyewe alilifunga na blanketi, akambebea Nafula mpaka barabarani.

Sasa liko hapa. Nafula yuko nalo chumbani tangu mchana.

Lakini hajaniuliza. Ananipikia chai, tunacheka, ananiita Mama vile vile, na mambo ya lesso hajauliza hata neno. Naogopa akiuliza. Asipouliza naogopa zaidi. Wale watu wa Naitiri niliwaambia nilikosa. Yeye mwenyewe sijamwambia.

Nilitaka kumalizia hapa kwa kuandika kwamba nitamwambia kesho. Halafu nimekumbuka mara ya mwisho Kaka alinipigia simu. Nilikuwa na mteja, nikamjibu mbio, "Kaka, nitakupigia kesho."

Sikumpata tena.

Wacha niweke chini hii simu ninayoandikia nikagonge mlango wa Nafula.